Shajara ya mradi: wimbo mmoja, matoleo manane, alafu letu la Umoja

Jumamosi, 1 Februari 2025: tunaanza

Wimbo ni "All Along the Watchtower". Bob Dylan, mwenye kuutunga, aliurekodi Nashville, Marekani, tarehe 6 Novemba 1967, na kufika Januari 1968 Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa, alikuwa tayari yuko nao studio London, na tangu hapo watu wamegawanyika, kuna wenye wanajua ni wa Dylan na kuna wenye ukiwaambia hivo wanakataa kabisa. Mimi nilikuwa kwa hao wa kukataa mpaka nikamaliza sekondari. Nimeupenda miaka kumi na tano na sijawahi kukaa chini nikasikiliza matoleo yake kwa utaratibu, nilikuwa nasikiliza tu vile yanakuja.

Mpango ni huu. Nikusanye matoleo manane, niyapime, niite watu wasikilize bila upendeleo, nijue tofauti iko wapi hasa, na mwisho tupige letu wenyewe hapa mtaani Umoja, Nairobi. Tuko wanne: mimi gitaa, binamu yangu drams, dadake anaimba (ni wa kwaya, sauti yake iko chini na nzito), na Mzee jirani yetu wa ploti ya nyuma, ambaye alipiga besi kwenye bendi za benga, ule muziki wa magitaa wa Kenya, miaka ya sabini, enzi santuri zilikuwa zinatoka River Road mjini kila wiki.

Yenye nimechagua: Dylan studio 1967, Hendrix studio 1968, Hendrix laivu kisiwa cha Wight 1970, Dylan na The Band laivu 1974, Dylan laivu Tokyo 1978, U2 San Francisco 1987, Neil Young New York 1992, na Dave Matthews Band pale Red Rocks 1995. Kuna mengine mengi sana mazuri, Bobby Womack pia aliufanya, lakini nikaona nisimamie manane la sivyo sitamaliza.

Gharama naandika zote, hata za ujinga, ili mwenye anataka kufanya hivi na wimbo mwingine ajue anaingia wapi.

Jumanne, 4 Februari: kukusanya

CD tano nimeazima, faili tatu nikanunua mtandaoni, jumla 390, na bundles za intaneti za 1,000. Laptopu yangu haina pa kuweka CD kwa hivo nikaenda Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini, nikanunua draivu ya mtumba ya 500 bila kuijaribu pale pale, nafika nyumbani inazunguka tu haisomi. Nikarudi nikakuta aliyeniuzia hayuko, nikanunua ingine ya 1,200 na hii nikaijaribu na CD yangu mwenyewe kabla sijatoa pesa. Nenda na CD yako, usikubali kujaribiwa na yao.

Kila kitu sasa kiko ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, ambayo ni ya bure.

Jumapili, 9 Februari: mapigo na kii

Hapa ndo nilifanya kosa kubwa la mradi wote, na sikujua kwa karibu wiki mbili, kwa hivo someni pole pole.

Kuhesabu mapigo nilitumia programu ya simu ya kugonga na kidole. Mara ya kwanza nilipata Neil Young anaenda karibu nusu ya kasi ya Dylan, nikashangaa, kumbe nilikuwa nagonga pale snea, ile dram ya mkono, inapolia peke yake, yaani pigo la pili na la nne, na kwa Dylan nilikuwa nagonga yote manne. Nikarudia yote nikifuata mguu, sio mkono, na ikakaa sawa. Dylan wa 1967 yuko juu ya 120 kwa dakika, wimbo unakimbia kuliko vile watu wanakumbuka.

Alafu kii, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Wimbo wote ni kordi tatu zinazunguka, mtu akishika gitaa kwa urahisi ni A maina, G, F, G, na kurudi. Dylan wa 1967 unalia C shapu maina, maana ameweka kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa kinachopandisha nyuzi zote. Nikaweka Hendrix, nikapata C maina, nusu sauti chini, yaani freti moja ya gitaa. Nikasema basi hii CD ina shida, pengine ilihamishwa kutoka kwa tepu iliyokuwa inazunguka pole pole. Nikachukua ile amri ya kubadilisha spidi, nikapandisha Hendrix nusu sauti ilingane na Dylan, nikahifadhi, nikafuta faili ya kwanza. Nilikuwa nimeridhika kabisa na hiyo kazi.

Jumamosi, 15 Februari: kikao cha kwanza, kimeharibika

Watu saba sebuleni, chai na mandazi 600. Nikacheza matoleo yote manane, kila mtu apeane alama kwa karatasi.

Shida ya kwanza, waya. Nilikuwa nimenunua waya wa jeki wa 150 wa kuunganisha laptopu na spika na ulikuwa unapitisha upande mmoja tu. Rekodi za zamani zilipenda kuweka chombo hiki kulia na kile kushoto, kwa hivo kuna nyimbo ziliingia sebuleni zikiwa nusu na mimi sikusikia mpaka toleo la nne binamu yangu akauliza, "Sasa hii ingine imeenda wapi?"

Shida ya pili, sauti. Zile zilizotengenezewa CD miaka ya karibuni ziko juu sana, na Dylan wa 1967 yuko chini, na watu walikuwa wanapeana alama za juu kwa yenye inagonga kifua. Si makosa yao. Sikio lako linasema "nzuri zaidi" kumbe limesikia "kubwa zaidi".

Ya tatu, majina. Nilikuwa natangaza kabla ya kucheza. Nikisema Hendrix, kichwa kinaanza kutikisika kabla hata nyuzi hazijaguswa.

Karatasi zote saba nimezitupa. Iliniuma maana watu walitoa Jumamosi yao.

Jumanne, 18 Februari: kurekebisha

Waya mpya 450, nikaujaribu kwa kucheza sauti upande mmoja alafu mwingine. Kwa ukubwa wa sauti, Audacity ina kitu cha kusawazisha kinachopima vile sikio linasikia, sio vile mawimbi yanaonekana kwa skrini. Yenyewe inakuja ikiwa kwa −23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti. Nikaacha hivo, ikawa chini mno kwa spika yangu ndogo, nikaweka yote −18 na hakuna kilichopasuka. Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka kwa hii shajara chukua hiki, usilinganishe toleo na toleo kabla hujasawazisha sauti, yaani hata usijisumbue kuanza.

Majina nikayaondoa, nikaandika namba kwa vipande vya karatasi na mtoto wa jirani akachota mpangilio kutoka kwa kofia.

Jumamosi, 22 Februari: Mzee anasikia

Kikao cha pili, watu watano, chai 450. Mzee alikuja safari hii, mara ya kwanza alikuwa kanisani.

Tulipofika namba 6, ambayo ilikuwa Hendrix wa studio, Mzee akainamisha kichwa upande mmoja vile anafanya akityuni besi. Akasubiri iishe.

"Huyu kijana amebanwa," akasema.

"Amebanwa vipi, Mzee?"

"Sauti yake. Mtu mzima anaimba kama amefinywa pua. Na ngoma zinakimbia, zinataka kutangulia. Hii kitu umeigusa?"

Nikamwambia nimeipandisha kidogo ilingane na ya Dylan maana CD ilikuwa chini. Hakunikasirikia, akaniuliza tu kama nimeona mahali Hendrix amesema alitaka kulingana na Dylan.

Nilienda kutazama karatasi ya CD. Imeandikwa 4:01. Faili yangu ilikuwa 3:47. Sekunde 14 zilikuwa zimeliwa na mimi ndiye nilizila. Kumbe Hendrix alikuwa analegeza nyuzi zote nusu sauti, anashika mkono ule ule wa C shapu lakini inalia C. Haikuwa tepu wala CD, ndo vile alitaka gitaa lake lilie, na nyuzi zikilegea hivo zinavutika vizuri zaidi. Na ile amri ya spidi haipandishi sauti peke yake, inavuta na mwendo pia, nusu sauti ni karibu asilimia 6, kwa hivo Hendrix wa karibu 113 kwa dakika mimi nilikuwa nimemfanya 120. Kwa jedwali langu yeye na Dylan walikuwa wanakaribiana mwendo na nilikuwa nimeshaandika nusu ukurasa nikieleza kwa nini. Yote takataka.

Nikaingiza upya kutoka kwa CD. Tangu siku hiyo sifuti faili ya kwanza, iko kwenye foda inaitwa USIGUSE.

Jumapili, 2 Machi: kikao cha tatu, na sasa tunasikia

Watu sita, chai 500, hakuna kilichoharibika. Nilibadilisha swali pia. Badala ya alama, nikawaomba kila mtu aandike ni wapi alishtuka. Nilipokusanya karatasi nikaona karibu hakuna aliyeandika kitu kuhusu maneno. Wote waliandika sehemu zenye hakuna mtu anaimba.

Nikakaa na hiyo usiku wote, na nadhani hapa ndo siri ya huu wimbo ilipo. Hauna kiitikio. Hauna daraja, ile sehemu ya katikati inayobadilisha wimbo. Beti tatu, kordi tatu, zinazunguka mwanzo mpaka mwisho bila kubadilika. Mwimbaji hana pa kujificha na hana pa kukupeleka, kwa hivo chenye anafanya kati ya ubeti na ubeti ndo kinaonyesha yeye ni nani. Hivo vipande vya kati nimeanza kuviita mapengo.

Dylan 1967. Gitaa kavu, besi ya Charlie McCoy, drams za Kenneth Buttrey, basi, na yeye mwenyewe anajaza mapengo na harmonika. Mapengo mafupi, kama mtu anavuta pumzi kabla hajaendelea kukwambia jambo. Wimbo wote ni kama dakika mbili na nusu. Dada wa kwaya aliandika: "Huyu anaogopa kitu chenye bado hakijafika." Sikumwambia ni nani mpaka tulipomaliza.

Hendrix 1968. Zaidi ya nusu ya wimbo haimbi. Pengo la katikati ni zaidi ya dakika moja na amelipanga kama nyumba ya vyumba vinne: anaingia na gitaa la kawaida, la pili anateleza juu ya nyuzi na slaidi, kile kibomba cha kidole, la tatu waa-waa, pedali ya mguu inayofanya gitaa lilie kama linaongea, la nne anaacha kukimbia na kupiga kordi tu zikipanda, na ukitoka hapo mlango wa ubeti wa tatu umefunguka wenyewe. Nimesikiliza hilo pengo peke yake labda mara 60. Gitaa la nyuzi 12 chini yake ni Dave Mason. Besi mnayosikia ni Hendrix mwenyewe maana Noel Redding, mpiga besi wake, alichoka na kurudia rudia akatoka studio. Walirudia zaidi ya mara 20. Hata Brian Jones wa Rolling Stones alikuwepo, ndiye anatajwa kwa ile sauti ya kukwaruza mwanzoni.

Hendrix 1970, kisiwa cha Wight, usiku wa kuamkia 31 Agosti, siku 18 kabla hajafariki. Watu watatu tu jukwaani, Billy Cox kwenye besi na Mitch Mitchell kwenye drams, hakuna nyuzi 12, hakuna kurudia. Hii ilipata maneno machache kwa karatasi zote na nikaona si haki nikairudia peke yangu. Vile vyumba vinne haviko, haviwezi kuwepo, studio alivijenga tabaka juu ya tabaka na hapa ana mikono miwili. Kuna mahali anafika kwenye noti ambayo studio ilikuwa na kitu chini yake na hapa hakuna kitu, na anaishikilia tu. Mimi hiyo noti inanigusa sana.

Dylan na The Band 1974, Los Angeles, siku ya mwisho ya ziara yao, 14 Februari. Anapaza sauti, gitaa la Robbie Robertson linakata mapengo yote, na huu si wimbo wa yule mtu aliyekuwa anaogopa 1967. Dylan mwenyewe alikuja kusema kwamba tangu Hendrix afariki amekuwa akiupiga kwa njia ya Hendrix. Yaani mwenye wimbo alienda akajifunza wimbo wake kwa mtu aliyeuazima, na hakuona aibu kusema. Ameupiga jukwaani zaidi ya mara 2,000, hakuna wimbo wake mwingine umefika hapo.

Tokyo 1978 ana bendi kubwa, fidla na saksafoni, na ni fidla ndo inanibaki. U2 walikuwa kwenye tamasha la bure katikati ya jiji, waliukamata haraka haraka, na Bono, mwimbaji wao, akatia mstari wake kuhusu gitaa jekundu, kordi tatu na ukweli. Watatu kati ya sita waliandika hapo ndo walishtuka, kwa hivo wakati mwingine mtu anaweza kujaza pengo na maneno na ikakubali. Dave Matthews Band wanaanza chini kabisa, karibu kunong'ona, na unangoja, unangoja, mpaka inalipuka.

Neil Young ni 16 Oktoba 1992 Madison Square Garden, kwenye sherehe ya miaka 30 ya Dylan, na nyuma yake ni Booker T. & the M.G.'s, watu wa muziki wa soul walionyooka kabisa. Wao wanashikilia mwendo kama ukuta na yeye gitaa lake linalia kama mtu anararua mabati. Mzee aliomba hii irudiwe. Alikuwa anasikiliza besi ya Duck Dunn, na vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti.

Jumamosi, 8 Machi: mazoezi ya kwanza, tumeshindwa

Chumba cha mazoezi Ngara, masaa mawili, 900 kwa saa, nikalipa 1,800 mbele. Nyuzi mpya 1,300. Pedali ya waa-waa nilikodi 500 kwa siku. Slaidi za dukani ziko bei, nikaenda kwa fundi wa magari nikanunua soketi ya spana namba 19 kwa 150, inaingia kidole cha mwisho vizuri na inateleza kama yenyewe.

Wiki nzima nilikuwa nimekariri vyumba vinne vya Hendrix, noti kwa noti. Nilizijua. Tulipoanza kupiga pamoja nikasikia kabisa nimekufa pale katikati, kila noti iko mahali pake na hakuna hata moja inasema kitu, kama mtoto anasoma insha ya mwenzake mbele ya darasa. Binamu yangu alinifuata nyuma kwa upole, dadake akanitazama tu.

Mzee akaweka besi chini. "Kijana, hiyo ni barua ya mtu. Umeisoma vizuri. Sasa andika yako, lakini kwa karatasi ya ukubwa huo huo."

Kabla sijamjibu stima ikapotea. Dakika 50 tu zilikuwa zimeisha. Tukangoja gizani mpaka muda wetu ukaisha na haikurudi, mwenye chumba akakataa kurudisha hata shilingi, akasema stima si yake. Ulizeni mambo ya stima kabla hamjalipa, na mlipe saa moja moja.

Jumamosi, 15 Machi: kwa Mzee, na Isaya

Tumehamia stoo ya Mzee nyuma ya nyumba. Bure. Drams tuliomba za kanisa.

Kwanza nilitaka kujaribu maneno kwa Kiswahili. Nilihangaika siku tatu. Shida ni silabi, kile Dylan anasema kwa silabi 3, "two riders", mimi nahitaji "wapanda farasi wawili", ambazo ni 9, na mwendo haungoji. Nikifupisha inakuwa telegramu. Tumeacha, dada anaimba kwa Kiingereza vile ulivyo.

Lakini ile ya wapanda farasi ilimfanya Mzee asimame. Akaenda ndani akarudi na Biblia na miwani, akafungua Isaya 21, akanionyesha kwa kidole: meza imeandaliwa, wakuu wanaambiwa wainuke, mlinzi amewekwa aangalie, na anaona wapanda farasi wakija wawili wawili. Alafu kidole kikashuka mpaka mstari wa 9. Babeli umeanguka.

"Sasa angalia," akasema, "kwa Biblia mpanda farasi anafika na habari inatolewa. Kwa huyu Dylan wenu wanakaribia tu, upepo unalia, amenyamaza. Habari hajaitoa."

Nilirudi nyumbani nikasikiliza yote manane tena, dakika ya mwisho tu. Ni kweli. Pengo kubwa kuliko yote liko baada ya ubeti wa tatu, na kila mtu lazima aamue afanye nini nalo. Dylan 1967, harmonika kidogo na umeisha. Hendrix, gitaa linapanda juu juu likilia sehemu moja mpaka linafifia, kama ndo habari yenyewe. Na Dylan miaka ya baadaye jukwaani mara nyingi anarudi kuimba ubeti wa kwanza mwishoni, yaani mlinzi ameona, na mazungumzo yanaanza upya kama hakuna aliyeona.

Sisi hatujui yetu bado.

Katikati tumepata. Vyumba vinabaki vinne na urefu ule ule, vitu ndani ni vyetu. Cha kwanza gitaa kavu, cha pili soketi yangu ya spana, cha tatu waa-waa, cha nne tunaingia benga, mimi napiga nyuzi za juu kwa kudonoa haraka haraka na Mzee anatembea chini na besi. Kii ni A maina maana C shapu ilikuwa inamchosha dada. Kayamba nilinunua 700 kujaribu ile sauti ya kukwaruza ya mwanzo, haikufaa, inashwashwa vizuri lakini haina ule mkia mrefu. Tulijaribu maharagwe kwenye mkebe wa majani chai, ukiinamisha pole pole yanateremka na mkia unapatikana.

Jumapili, 23 Machi: kurekodi, mvua

Maiki nne na intafesi, kukodi 1,500, waa-waa tena 500. Tulianza saa nane, saa tisa mvua ya masika ikafika, na stoo ya Mzee ni mabati bila dari. Kila maiki ilisikia mvua peke yake. Tulingoja mpaka saa kumi na moja unusu, haikupungua, wenye maiki wanazitaka saa kumi na mbili. Tulipata mara tatu tu kabla haijanyesha na zote dada alikuwa anapasha sauti.

Nilizisikiliza usiku hata hivyo. Nikagundua chumba cha tatu, cha waa-waa, ndo bado ni barua ya mtu mwingine. Nimeamua itoke. Hapo nitarekodi gitaa la pili juu ya la kwanza, mawili yanajibizana vile magitaa ya benga hufanya, na pedali sikodi tena.

Jumapili, 30 Machi: tumemaliza

Maiki tena 1,500, safari hii tulianza saa moja asubuhi, tukaning'iniza blanketi tano na magunia chini ya mabati. Mbingu nyeupe, hakuna mvua. Hendrix aliurudia zaidi ya mara 20, sisi tumeurudia mara 11, na ya 9 ndo tumechukua. Kuna mahali ubeti wa pili gonga la drams limechelewa kidogo na tumeliacha.

Mwisho ulikuja wenyewe. Kila mara tulipomaliza ubeti wa tatu mimi nilikuwa naingia na gitaa kwa nguvu kama Hendrix, na kila mara nilisikia nimetoa habari ambayo sikuwa nayo. Mara ya 9 nyuzi yangu ya kwanza ilikatika pale pale, mstari wa mwisho ukiimbwa. Nikanyamaza. Binamu yangu akaniona akashusha fimbo. Dada alikuwa ameshamaliza. Ni Mzee tu aliyeendelea, macho amefumba, hakujua, akazunguka A, G, F, G peke yake mara nane, kila mzunguko chini kuliko uliopita, na huko nje ukisikiliza vizuri unasikia matatu inapita barabarani na mbwa wawili. Alipofungua macho akatuona tumesimama tu, akauliza, "Mbona mmeniacha?"

Hatujakata hata sekunde. Wimbo ni 4:26.

Gharama yote: draivu mbili 1,700, faili 390, bundles 1,000, waya mbili 600, chai vikao vitatu 1,550, chumba cha Ngara 1,800, nyuzi 1,300, soketi 150, waa-waa siku mbili 1,000, kayamba 700, maiki siku mbili 3,000, nauli zote 1,200. Jumla KSh 14,390. Iliyopotea bure kabisa, yaani draivu ya kwanza, waya wa kwanza, saa moja ya kukosa stima na maiki za siku ya mvua, ni 3,050.

Faili zote ziko kwa foda ya USIGUSE, pamoja na zile mara tatu za mvua. Mzee amechukua nakala kwa flashi, anataka kuicheza kwenye redio ya jikoni.